Darasa la kwanza la kuunganisha vioo kwa tanuri: mwongozo kwa anayefundisha dukani

Mtu anayelipia darasa la saa mbili na nusu kwenye duka la kazi za mikono anataka kuondoka na kitu alichokitengeneza kwa mkono wake. Rangi zisipopatana atavumilia. Mstari ukipinda atasema ndivyo alivyotaka. Asichovumilia ni kupigiwa simu kesho yake na kuambiwa kipande chake kimepasuka tanurini. Na karibu kila kinachopasua kioo tanurini huwa kimeamuliwa na mwalimu kabla mwanafunzi hajatua mkoba wake: kioo kilichowekwa mezani, bamba lilivyopakwa, programu iliyoingizwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya mwalimu akiwa peke yake.

Darasa tunalolielezea lina wanafunzi sita na mwalimu mmoja. Kila mwanafunzi anatengeneza kiwekeo cha kikombe, bapa, sentimita 10 kwa 10, cha tabaka mbili za kioo cha milimita 3. Tumechagua kiwekeo kwa sababu kinachomwa mara moja tu, hakihitaji kalibu, na udogo wake unakifanya kivumilie makosa madogo ya joto. Bamba la tanuri la sentimita 40 kwa 40 linachukua viwekeo tisa, vikiachiana sentimita 2.5 kila upande. Sita ni vya wanafunzi, kimoja ni cha mwalimu cha kuonyeshea, na nafasi mbili zinabaki kwa vipande vidogo au kwa atakayetaka kurudia.

Kioo: aina moja tu mezani

Kioo kikipata joto hutanuka, kikipoa husinyaa, na kila aina ina kiasi chake. Kiasi hicho huandikwa kwa namba. Vioo vinavyotengenezwa mahususi kwa kazi hii ni vya 90 au 96. Kioo cha dirisha huwa karibu na 83. Ukichoma pamoja cha 90 na cha 96 vitashikana vizuri kabisa. Balaa huanza vinapopoa: kimoja kinataka kusinyaa kuliko mwenzake, na kwa kuwa vimeshashikana hakuna pa kwenda. Wakati mwingine kiwekeo kinapasuka usiku uleule. Wakati mwingine kinakaa kabatini wiki tatu, kisha kinapasuka bila kuguswa na mtu, na hilo ni baya zaidi kwa sababu tayari kiko nyumbani kwa mteja.

Chagua namba moja kwa duka zima, rafu za kuuzia zikiwemo. Mwanafunzi aliyependa darasa atarudi kununua vioo, na siku ya tatu atakuja na mabaki yake. Usitake kukisia yametoka wapi. Namba peke yake nayo haitoshi; nunua kioo ambacho kiwanda kimethibitisha kwamba kimejaribiwa na kinapatana na vingine vya familia yake. Nyuzi joto zote za mwongozo huu ni za Selsiasi, na ni za kioo cha 90, kama kile cha Bullseye kinachotengenezwa Portland, Oregon, Marekani. Kwa cha 96 punguza kama nyuzi 10 kwenye kilele, na mahali pa kukituliza kioo, yaani joto linaloshikiliwa kikiwa kinapoa ili mvutano wa ndani uachie, tumia 510 badala ya 482.

Swali litakaloulizwa kila darasa ni la chupa. Watu wameona kazi za karakana ya vioo ya Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, na za karakana iitwayo Shanga pale Arusha, zilizotokana na vioo chakavu, wanauliza kwa nini wasilete chupa zao. Wajibu kwa uwazi: chupa zikiyeyushwa zote ndani ya tanuru la kupulizia, zinakuwa kioo kimoja chenye tabia moja. Sisi tunabandika kipande juu ya kipande, na kila kipande kinabaki na tabia yake. Chupa moja yaweza kuchomwa na vipande vyake yenyewe, lakini si na ya pili, hata kama zinafanana rangi. Shanga za kioo za sokoni pia ziache, maana huwezi kujua zimetengenezwa kwa kioo gani. Makombe ya baharini yasiingie kabisa: joto likifika karibu na kilele yanavunjika kuwa chokaa na kutoa hewa ndani ya kioo. Waya mwembamba wa shaba unakubali.

Ukiwa na kioo usichokijua na unataka kukipima, kata ukanda wa kioo safi unachokiamini, weka juu yake kipande cha sentimita moja cha kioo hicho, choma na upoze kwa programu ya kawaida. Kisha ushike ukanda huo katikati ya vipande viwili vya miwani ya jua ya polaroidi, kimoja kikiwa kimezungushwa mpaka mwanga umezimika. Ukiona weupe unaong'aa kuzunguka kipande, kama taa imewashwa pembeni yake, vinavutana. Pakiwa giza tupu, vinapatana. Dakika tano hizi zinaokoa tanuri zima.

Kwa mazoezi ya kukata hakuna haja ya kupoteza kioo cha bei. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu wana ndoo za mabaki ya milimita 3 na huyatoa kwa bei ndogo au bure. Yakate vipande vya sentimita 10 kwa 20, pitisha mstari wa wino mwekundu kwenye kila kimoja, na yaondoe yote mezani kabla kioo cha tanuri hakijatolewa. Kipande kimoja cha dirisha kikijichanganya na kioo safi hakuna jicho litakalokigundua mpaka kesho asubuhi.

Bamba na tanuri

Kioo kilichoyeyuka kinashika udongo wa bamba kama ugali uliokauka sufuriani. Kinga yake ni unga wa alumina na kaolini unaokorogwa na maji, kipimo kimoja cha unga kwa vipimo vitano vya maji, ukichotwa kwa kikombe kilekile. Vaa barakoa ya N95 unapopima unga na unapokwangua bamba, kwa sababu vumbi hilo halitoki mapafuni. Paka tabaka nne kwa brashi pana laini: ya kwanza kulia kushoto, ya pili juu chini, ya tatu na ya nne mshazari huku na huku. Koroga kila unapochovya, unga huzama haraka.

Halafu kausha. Hapa wengi hukosea, kwa sababu jua la mchana linakausha uso na kuacha unyevu tumboni mwa bamba. Unyevu huo ukigeuka mvuke chini ya kioo kilicholainika unakisukuma juu, na kiwekeo kinatoka na kiputo kikubwa kama yai. Weka bamba tanurini, panda hadi nyuzi 260, shikilia dakika 20, acha lipoe. Fanya hivyo siku moja kabla ya darasa.

Kila baada ya kuchoma hadi kuyeyuka kabisa, kwangua kinga yote kwa skrepa ya plasta, futa kwa kitambaa chenye unyevu, upake upya. Kinga iliyokwisha kufika nyuzi 800 huchakaa. Ukiitumia mara ya pili itang'ang'ania mgongo wa kioo na kuuacha mweupe wenye mikwaruzo. Karatasi ya tanuri, ile nyembamba inayogeuka majivu, inaacha mgongo laini zaidi na inaokoa muda, ila kila karatasi ni ya safari moja na gharama yake iingie kwenye ada.

Usiamini kidhibiti cha tanuri jipya kabla ya kukijaribu. Choma viwekeo viwili vyako kwa programu iliyoandikwa hapa chini, kimoja katikati ya bamba na kimoja kwenye kona. Kingo zikiwa bado zina pembe kali, tanuri lako linasoma joto juu kuliko lilivyo. Ongeza nyuzi 5 na ujaribu tena. Kioo kikiwa kimetambaa na kupoteza umbo la mraba, punguza. Cha kona kikiwa nyuma ya cha katikati, kazi za wanafunzi zisogezwe ndani.

Kuhusu umeme: tanuri la kilowati 3 kwenye volti 240 linavuta ampea 12.5. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, maana yake inafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake kwa saa nyingi mfululizo. Plagi itapata joto, kisha itabadilika rangi, kisha itayeyuka. Mwite fundi umeme mwenye leseni alivutie tanuri laini yake peke yake toka kwenye mashine ya kukatia umeme, na hapo lisichangie na friji wala kiyoyozi. Liache sentimita 30 toka ukutani, juu ya sakafu ya saruji au stendi ya chuma, mbali na pazia.

Vya kuandaa mezani

Kioo safi: bapa moja la sentimita 30 kwa 30 linatoa miraba tisa kamili ya 10 kwa 10. Ikate mwenyewe kabla. Mwanafunzi wa siku ya kwanza hawezi kukata mraba wa kweli, na msingi ukiwa umepinda kila kitakachokuja juu yake kitapinda. Rangi: nusu bapa la rangi nne au tano, ukiwa umeshakata mikanda ya upana wa sentimita 2 kwa urefu wa 10, na vipande vikubwa kidogo kwa wanaotaka maumbo yao. Chenga za kioo za ukubwa wa chenga za mchele, vibakuli vitatu. Vijiti vya kioo vya milimita 1 hadi 2.

Kwa kila mtu: kikata kioo chenye gurudumu, miwani ya kinga, rula yenye mpira chini, kibano, brashi ndogo ya kufagilia meza, gazeti la kutandika. Koleo la kupasulia na koleo la kung'atia kingo vinaweza kuchangiwa na wawili. Mafuta ya taa kidogo kwenye kifuniko cha chupa, chenye sifongo, kwa ajili ya kulainishia gurudumu. Plasta na maji ya bomba karibu. Kopo la rangi la chuma kwa taka za kioo, lifungwe kwa kifuniko chake likijaa na kuandikwa "VIOO", kwa heshima ya kijana wa taka atakayelibeba.

Ondoa mezani kioo cha buluu ya bahari kilichotiwa shaba kama umeweka njano na nyekundu zenye salfa au seleniamu. Vikigusana motoni vinaacha mstari wa kahawia iliyoungua. Kwa mtu anayejua ni pambo. Kwa anayeanza ni kazi iliyoharibika. Na kwa kila rangi bandika kipande kilichokwisha kuchomwa kando ya kile kibichi. Baadhi ya rangi nyekundu, machungwa na waridi hukaa rafuni zikiwa zimepauka au karibu safi, zinaiva zikipita motoni. Usipoonyesha, mtu atachagua kile alichokiona na kupata kingine.

Tengeneza pia ubao wa mifano mitatu yenye ukubwa uleule: tabaka moja, tabaka mbili, tabaka tatu, zote zilizochomwa pamoja. Kioo kikiyeyuka kabisa kinataka unene wa milimita 6. Tabaka moja inajikusanya kutafuta unene huo, pande zinaingia ndani kama kiuno na kingo zinaota vimiiba. Tabaka tatu zinatambaa nje. Tabaka mbili zinatulia. Maelezo ya nusu saa kuhusu unene hayafikii ubao huo ukizungushwa mkono kwa mkono.

Saa mbili na nusu zenyewe

1. Dakika 20 za kwanza: karibisha, zungusha ubao wa mifano, eleza usalama. Viatu vilivyofunika vidole. Mwenye ndala aazime viatu vya dukani. Miwani haivuliwi muda wote mtu yeyote mezani anapokata. Meza inafagiliwa kwa brashi, kamwe si kwa kiganja. Watoto wa chini ya miaka 10 wasikate. Wape mraba na chenga, watafurahi vilevile.

2. Dakika 40: kukata kioo cha mazoezi. Usizifupishe hizi. Kikata kioo hakikati kioo, kinachora ufa mdogo juu yake, na ufa huo ndio unaofuatwa. Gurudumu lisimame wima, lianze milimita 2 ndani ya ukingo, litembee bila kusita mpaka ukingo wa pili. Nguvu ya mkono ni ile ya mtu anayeandika risiti yenye nakala chini. Ukisema hivyo kila mtu anaelewa.

Wafundishe kusikiliza na kutazama. Mchoro mzuri una sauti nyembamba ya kitambaa kinachochanwa, na ukiuinamisha kwenye mwanga unaona uzi mmoja unaong'aa, mwembamba kama unywele. Mchoro wenye kelele ya kukwaruza, mweupe, unaorusha vumbi linalometa pembeni, umekandamizwa mno; kioo kitapasuka popote kinapotaka. Kimya kabisa bila alama, nguvu haitoshi au gurudumu limekauka mafuta. Na mstari hauchorwi mara mbili. Kila anayeanza atataka kurudia, na kila anayerudia anaharibu kioo na gurudumu. Mwambie kwa upole, "Dada, huo acha, geuza kioo uanze upande mwingine."

Kupasua: ngumi mbili chini ya kioo, vidole gumba juu, kimoja kila upande wa mchoro, karibu kabisa nao. Zungusha mikono nje kama unayemenya chungwa. Kwa anayeogopa, na wengi wataogopa, mpe koleo la kupasulia lenye mdomo uliopinda, mstari wa koleo ukae juu ya mchoro, abane taratibu. Wafundishe kukata katikati kila mara: sentimita 8 kuwa 4 na 4, kisha 4 kuwa 2 na 2. Upande mmoja ukiwa mwembamba na mwingine mnene, ufa hukimbilia upande dhaifu. Ukanda wa chini ya sentimita moja ni wa mkono uliozoea. Mikunjo ya kuingia ndani, kama umbo la mwezi mwandamo, iache kwa darasa la pili.

3. Dakika 60: kusanya mabaki yote ya mazoezi, fagia, badilisha magazeti, ndipo utoe kioo cha tanuri. Wapange muundo kwenye karatasi yenye mraba wa 10 uliochorwa. Sheria ni mbili. Tabaka ya juu ifunike msingi wote au karibu wote, kwa sababu tundu kubwa katikati linabaki bonde. Na kisiwepo kitu kinachoning'inia nje ya msingi zaidi ya milimita 2, kitadondoka na kushika bamba.

Hapa mwalimu anatembea. Tazama anayekwama kwa kuwaza na anayekimbia bila kuwaza; wote wawili wanahitaji swali moja tu: "Unataka jicho lianzie wapi?" Tazama pia anayezungushia mikanda mizito pande zote nne na kuacha katikati wazi. Amejenga kisima, na hewa yote itabaki humo. Mwombe aache mlango kona moja, au amwage chenga katikati ili hewa ipenye kati yake. Chenga zimwagwe mbali na ukingo kama nusu sentimita, zitasambaa zenyewe.

4. Dakika 20: kusafisha na kugundisha. Wino, jasho la vidole na mafuta ya taa vyote vinaungua na kuacha ukungu wa kijivu usiotoka tena. Osha kila kipande kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, suuza, kausha kwa kitambaa kisichotoa manyoya; khanga iliyofuliwa mara nyingi haina mpinzani. Malizia kwa spiriti. Dawa za kunyunyiza za kusafishia vioo vya madirisha ziache, zinaacha utando.

Gundi nyeupe ya karatasi, iliyoongezwa maji, tone moja la ncha ya kijiti, kwenye kona za vipande tu. Kazi yake ni kushikilia mpaka tanurini, basi, joto linaiteketeza. Gundi nyingi katikati inafungiwa chini ya kioo, inaungua bila hewa na kubaki doa jeusi au kiputo. Anayeanza atajaza gundi kama anabandika bango, kwa hiyo chupa ya gundi ibaki mkononi mwako.

5. Dakika 10 za mwisho: kila kazi kwenye kadi yenye namba. Piga picha ya kila moja na jina lake, andika namba ya simu, eleza kwamba kazi itakuwa tayari baada ya siku mbili. Siku mbili, hata kama kesho asubuhi itakuwa tayari. Umeme una mambo yake.

Kuchoma

Wacha gundi ikauke, angalau saa mbili. Panga viwekeo kwenye bamba kwa mpangilio wa namba, piga picha ya bamba zima kutoka juu. Hiyo ndiyo ramani yako, maana baada ya moto hata mwenye kazi anaweza kuisahau.

Hatua ya kwanza: panda nyuzi 220 kwa saa hadi 670, shikilia dakika 30. Mwendo huu unakifanya kioo kipate joto sawasawa, na dakika 30 za 670 zinalaza tabaka ya juu polepole huku ikisukuma hewa itoke pembeni. Ukiziruka, viputo.

Hatua ya pili: nyuzi 330 kwa saa hadi 805, shikilia dakika 10. Hapo tabaka mbili zinakuwa moja na kingo zinaviringika. Usikawie kati ya 700 na 760, ndipo uso wa kioo hupenda kufanya ukungu wa fuwele.

Hatua ya tatu: acha lishuke lenyewe kwa kasi yake hadi 482, mfuniko ukiwa umefungwa, shikilia saa moja. Hii ndiyo saa inayoamua maisha ya kiwekeo. Nje na ndani ya kioo vinalingana joto na mvutano unaachia. Kazi isiyotulizwa inaonekana salama kabisa, kisha inakatika siku ya kwanza ya chai ya moto.

Hatua ya nne: shuka nyuzi 83 kwa saa hadi 371, kisha zima na uache.

Ukiwasha saa 12 jioni, programu inamalizika kama saa 7 usiku au kupita kidogo, na kwa matanuri mengi madogo saa 3 asubuhi joto liko chini ya nyuzi 50. Hapo ndipo pa kufungua. Kufungua kwenye nyuzi 150 "kuchungulia tu" kunatosha kupasua kazi ya watu sita.

Anayetaka kufundisha kwa kioo cha dirisha pekee anaweza, mradi msingi na juu vyote vitoke kwenye bapa moja. Kilele chake ni karibu 830, mahali pa kukituliza ni karibu 550, na kinafanya ukungu haraka kuliko kioo cha tanuri. Rangi zake ni za unga wa enameli ya kioo. Ni darasa halali, lakini jaribu mara tatu nne kabla hujalitangaza.

Umeme ukikatika

Usifungue. Soma namba ya kidhibiti umeme unaporudi, kisha amua. Kama ulikatika wakati wa kupanda na bado kuko chini ya 670, endelea kutoka hapo kwa nyuzi 220 kwa saa, hakuna kilichoharibika. Kama kilele kilishafikiwa na joto bado liko juu ya 482, ruka moja kwa moja hadi hatua ya tatu. Kama limeshuka chini ya hapo bila kutulizwa, chukulia kwamba vioo vina mvutano: acha vipoe kabisa tanuri likiwa limefungwa, kisha anza upya kwa mwendo wa nyuzi 100 kwa saa hadi 515, shikilia dakika 20, shuka 482, saa moja, uendelee na hatua ya nne. Kazi nyingi huokoka hivyo. Soma mapema kitabu cha kidhibiti chako: kuna vinavyoendelea vilipoishia, kuna vinavyozima programu nzima, na kuna vinavyoanza mwanzo na kuchoma mara mbili.

Kusoma kilichoharibika

Kipande kilichopasuka kinaeleza chenyewe kilipasuka lini. Pitisha jicho kwenye ukingo wa ufa. Ukiwa umeviringika na laini, kilipasuka wakati wa kupanda na moto ukaulainisha baadaye. Mwendo wa mwanzo ulikuwa wa kasi mno, au kilikaa karibu sana na waya wa moto. Ukiwa mkali wa kukata kidole, kilipasuka wakati wa kupoa. Ufa unaofuata mpaka kati ya rangi mbili ni wa vioo visivyopatana, na hapo urudi kwenye ndoo ya mazoezi kuuliza maswali. Ufa unaokatiza rangi zote kwa mkunjo wa kama herufi S ni wa kutulizwa vibaya au kufunguliwa mapema.

Kilichopasuka wakati wa kupanda kinaweza kusogezwa pamoja na kuchomwa tena, chenga juu ya kovu. Wengine hupenda kovu lile kuliko kazi ya awali. Cha rangi zisizopatana kitupe. Mweleze mwenyewe sababu halisi na umpe nafasi darasa linalofuata bila malipo, kwa sababu kosa hilo ni la duka.

Vimiiba vya ukingoni vinaondoka kwa msasa wa almasi ukiwa na maji, usisage kikavu. Mabaki meupe mgongoni yaloweke kwenye siki usiku mmoja. Kisha osha, kausha, bandika vipande vinne vidogo vya silikoni kwenye kona, funga kwa gazeti.

Kabla hujapanga ada, soma mita ya umeme kabla ya kuwasha na baada ya kuzima, ugawe kwa idadi ya vipande vilivyokuwa ndani. Ongeza kioo chote ulichokitoa mezani, si kile kilichotumika tu, kwa kuwa theluthi yake itarudi ikiwa vipande visivyofaa kwa darasa lijalo. Ongeza kinga au karatasi, gurudumu moja la kikata kila baada ya madarasa kadhaa, na saa zako mbili za kukwangua, kupaka na kupanga. Vipande visivyofaa vipange kwa rangi kwenye makopo. Vikitwangwa ndani ya bomba la chuma lililofungwa, barakoa ikiwa usoni, na sumaku ikipitishwa kuondoa vumbi la chuma, ndizo chenga za darasa lako la mwezi ujao.